Umri wa gari hauondoi kipimo cha moshi California

Watu husema gari likitimiza miaka 25 halipimwi moshi. Miaka 25 ni kanuni ya shirikisho ya kuingiza magari Marekani, haihusu kipimo cha California. Huko, kwa magari ya zamani ya petroli, msamaha ni wa modeli ya 1975 kurudi nyuma, na hausogei kila mwaka.

Ukihamia California una siku 20 za kusajili gari. Injini iliyobadilishwa iwe ya mwaka wa gari au mpya zaidi, pamoja na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) na vifaa vyote vya kudhibiti moshi vya injini hiyo. Mkaguzi maalumu ndiye hubandika lebo ya kuthibitisha injini hiyo. Wengi hukwamishwa na bomba la kuingiza hewa kwenye injini au manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) isiyo ya kiwandani na isiyo na namba ya idhini ya CARB, bodi ya hewa safi ya California, hata moshi ukiwa safi, maana fundi hukagua kwa macho pia. Rudisha vipuri vya kiwandani kabla ya kupima.