Sala ya kitabuni nayo hutoka moyoni
Wapo wanaoamini sala ya moyoni ni ile ya kubuni papo hapo, tena kwa sauti ya kukausha koo. Anayesoma kitabuni eti anakariri tu. Sivyo. Yesu msalabani alipolia “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” alitumia maneno ya Zaburi 22. Na Hana, katika 1 Samweli 1, hakutoa sauti kabisa: midomo ilicheza tu, hata Eli akamdhania mlevi. Kuhani mzima! Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka, na hilo, tuseme kweli, hata asiyeshika kitabu hulifanya: “Baba, Baba, Baba” mfululizo, huku akili iko kwenye sufuria ya maharage jikoni.