Upanga si jodari

Barazani kwetu Malindi, Mji Mkongwe, dadu za mchezo wa kuigiza mashujaa wa kubuni zikishaanza kuruka usiku hakukosekani ubishi: mwenye upanga wa mikono miwili apunguziwe mapigo, kwa vile ni mzito. Tusiwalaumu vijana. Kitabu cha wachezaji cha mchezo huo wa Dungeons & Dragons cha mwaka 1978 kiliupa upanga huo uzito wa sarafu 250, na sarafu 10 ni ratili moja. Kilo 11 na ushei! Huyo ni jodari wa Darajani.

Dhana: panga za vita za Ulaya zilikuwa mizigo.
Upanga wa mkono mmoja ulikuwa kama kilo 1 hadi 1.4. Ule mkubwa wa mikono miwili wa karne ya 16, kilo 2 hadi 3.5 hivi. Vilivyozidi hapo vingi ni vya gwaride, havikutengenezwa kupigania. Kanuni za mchezo za 2014 zilijirudi: ratili 6, yaani kilo 2.7.

Dhana: kilo ni kilo.
Chukua mchi wa kinu. Ushike katikati, utauzungusha utakavyo. Ushike ncha moja, mkono unalia. Mhunzi alilijua hilo. Bapa alilifanya nene karibu na mpini, likakonda kuelekea nchani, na nyuma ya mpini akaweka kifundo kizito cha kusawazisha. Sisi tumezoea panga la kukatia madafu, ambalo uzito wake unasukumwa mbele makusudi ili lianguke na kukata, basi tunadhani upanga ni panga lililorefushwa. Hata kidogo.

Dhana: mkubwa ni mzito kugeuka, mwembamba ni unyoya.
Mikono miwili, mmoja unasukuma mwengine unavuta. Mpini ukisogea kidogo tu, ncha imeshafika mbali. Na ule mwembamba wa kuchomea, ambao kwenye michezo hupewa wasichana na wezi, nao hufika kilo moja na kuzidi.

Adhabu ya kweli ni urefu. Jaribu kuzungusha fito ya mita moja na nusu katika vichochoro vyetu, uone kama hujagonga ukuta au mlango wa watu. Kwa hiyo barazani tumeifuta kanuni ya uzito: uwanjani upanga mkubwa haupunguziwi kitu, ila kichochoroni mwenyewe anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo.