Kifafa cha mimba na gesi inayolegeza mishipa: dhana potofu na ukweli

Jina la ugonjwa wenyewe limezaa dhana ya kwanza. Kwa kuwa unaitwa kifafa cha mimba, wengi huamini kuwa ni maradhi ya kichwa, na wapo wanaomkimbiza mgonjwa kwa mganga wakidhani amepandwa na pepo. Ukweli ni kwamba degedege hilo ni hatua ya mwisho ya ugonjwa wa mishipa ya damu, priiklampsia, ambao chimbuko lake ni kondo la nyuma na ambao huanza majuma mengi kabla ya dalili yoyote kuonekana.

Mimba inapokwenda vizuri, damu ya mama huongezeka kwa karibu asilimia 40 hadi 50, na bado shinikizo halipandi. Katika miezi ya kati hata hushuka kidogo. Hali hiyo huwezekana kwa sababu mishipa hulegea, na mojawapo ya vitu vinavyoilegeza ni gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo utando wa ndani wa mishipa huitengeneza kutokana na arginini iliyomo katika protini tunazokula. Wanaosikia kuwa gesi hiyo imo pia katika moshi wa magari huiita sumu. Kuivuta kwa wingi hudhuru kweli, lakini kiasi kidogo kinachotengenezwa mwilini ni mjumbe wa lazima, na ugunduzi huo ndio uliowapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Katika priiklampsia gesi hiyo hupungua, na dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni ile inayosikika kama hekima: gesi ikipungua, iongezwe, kwa juisi ya bitiruti, kwa vidonge vya arginini au kwa dawa yoyote inayopanua mishipa. Upungufu huo hautokani na chakula pekee. Mishipa ya mji wa mimba isipopanuka ipasavyo, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa vichocheo vinavyouamuru utando wa mishipa kutengeneza gesi. Wakati huo huo kemikali haribifu zitokanazo na oksijeni huimaliza hata ile kidogo iliyopatikana. Vitamini C na E zilijaribiwa kwa matumaini ya kuzizuia kemikali hizo, wala hazikuukinga ugonjwa. Nchini Uholanzi, jaribio la sildenafil, dawa inayorefusha kazi ya gesi hii, kwa wajawazito ambao watoto wao walikuwa wamedumaa tumboni, lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya baadhi ya watoto kuzaliwa na matatizo ya mapafu na kufariki. Bitiruti iliwe kama chakula, isifanywe tiba.

Yaliyothibitika ni machache na hayana mvuto wa aina hiyo: aspirini ya kiwango kidogo kwa mama aliye hatarini, ikianzwa kabla ya wiki ya 16 kwa maelekezo ya daktari, madini ya kalisi (kalsiamu) pale ambapo chakula kina upungufu wake, na sindano za magnesiamu salfeti, ambazo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya degedege kwa takriban nusu.

Kuvimba miguu si kipimo. Wengi huvimba wakiwa wazima, na wengine huugua bila kuvimba. Kinachotazamwa baada ya wiki ya 20 ni shinikizo la 140/90 au zaidi pamoja na protini katika mkojo au dalili za viungo kuathirika, ndiyo maana kuruka kliniki kwa kuwa “najisikia vizuri” ni hatari.

Wala si kweli kwamba kujifungua hufunga ukurasa papo hapo. Kutoka kwa kondo ndiko huondoa chanzo, lakini degedege laweza kuja siku kadhaa baadaye, na mzazi aliyekwisharuhusiwa kurudi nyumbani, akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni au akisikia maumivu chini ya mbavu, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.