Ulanzi hauleti usingizi mzuri

Iringa, Njombe na Mbeya, baridi ikishika, wengi huamini kikombe cha ulanzi (pombe ya mianzi) au komoni (pombe ya nafaka) kabla ya kulala ndiyo dawa ya usingizi. Kuna ukweli nusu hapo: pombe huwahisha kusinzia. Shida huanza baadaye.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Sehemu ya ndoto, ambayo huusaidia ubongo kutuliza hisia za mchana, huwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri. Pombe huibana sehemu hiyo mwanzoni mwa usiku. Ini likishaisafisha pombe hiyo, mwili hushtuka na usingizi hukatikakatika. Ndiyo maana mtu huamka saa tisa usiku, moyo unadunda, kibofu kimejaa, na mawazo hayakatiki. Kesho yake ana hasira na wasiwasi, jioni anakitafuta kikombe tena. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huongeza hatari ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Acha pombe angalau saa nne kabla ya kulala, na chai ya rangi, ambayo kafeini yake hufukuza usingizi, angalau saa sita kabla ya kulala. Baridi itibiwe kwa soksi na blanketi, kamwe si jiko la mkaa chumbani. Amka saa ileile kila siku. Usiposinzia kwa dakika 20 hivi, toka kitandani, rudi ukisinzia.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Aanzie kwa daktari.