Faraja za kilio: zinazosemwa Bukavu na zilizoandikwa

Ukikaa kwenye kilio Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe mtaa wa Kadutu, Bagira au Panzi, utasikia faraja nyingi zikitolewa kwa jina la Mungu. Baadhi zinamfikia mfiwa. Nyingine zinamwongezea mzigo, na anayezisema hana nia mbaya, maana naye alifarijiwa hivyo hivyo siku ya msiba wake. Nimechagua zile zinazojirudia, nikaziweka mbele ya Biblia ile ile ambayo zinadai kutoka humo.

«Mkristo halii hivyo»

Hii ndiyo inayoongoza. Mama mfiwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitenge kimekazwa kiunoni, wenzake wamemzunguka. Kila sauti inapomtoka, mkono unamgusa begani: «Mama, jikaze. Unalia kama mtu asiye na Mungu.» Anajifuta kwa ncha ya kitenge, ananyamaza. Nje, chini ya turubai, korali inaanza wimbo mwingine, na watu wanasema mama huyu ana imani kweli.

Anayemnyamazisha huwa na mstari kichwani, 1 Wathesalonike 4:13: msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Tatizo ni kwamba anaukata katikati. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alitaka huzuni yao iwe na tumaini ndani yake, na mtu anaweza kuwa na tumaini huku analia mpaka sauti inakauka.

Tazama Stefano. Alikufa kwa kupigwa mawe, baada ya kusema anaziona mbingu zimefunguka. Kama kuna marehemu ambaye ndugu wangeweza kusema «huyu tuna hakika amefika», ni yeye. Lakini Matendo 8:2 inasema watu watauwa walimzika wakamfanyia maombolezo makubwa. Yesu naye alilia akielekea kaburi la Lazaro (Yohana 11:35), na alikuwa anajua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka. Mtu aliyelia akijua hivyo hawezi kutumiwa kumnyamazisha mama ambaye mwanawe hatarudi nyumbani leo.

Sisi wa mji huu tuna shahidi wetu pia. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa hapa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia. Maneno anayokumbukwa nayo zaidi ni haya: kuna mambo yasiyoonekana vizuri ila kwa macho yaliyolia. Hakuyasema kama mtu aliyeyaona machozi kuwa upungufu wa imani.

«Usimwulize Mungu kwa nini»

Basi itabidi tukate kurasa nyingi za Biblia. Katika zaburi zote 150, maombolezo ni mengi kuliko aina nyingine yoyote ya zaburi. Ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atamsahau mtu wake mpaka lini. Ya 88 ni kali zaidi: inalalamika mwanzo hadi mwisho, na inafungwa gizani bila hata neno la shukrani. Waliokusanya kitabu wangeweza kuiacha nje. Waliiacha ndani, na watu wakaendelea kuisali.

Yesu msalabani hakutunga sala mpya. Alichukua Zaburi ya 22: «Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?» Na Martha na Maria walipomwambia, kila mmoja kwa zamu yake, kwamba angekuwapo ndugu yao asingekufa, hakumkemea hata mmoja. (Ningependa siku moja nisikie korali ya parokia ikiimba Zaburi ya 88 kwenye kilio. Nadhani nitasubiri sana.)

«Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba»

Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, sentensi hii imesemwa mpaka imechakaa. Inatolewa 1 Wakorintho 10:13, lakini hapo Paulo anazungumzia kushawishika kutenda dhambi. Mstari unaofuata unasema waikimbie ibada ya sanamu. Hana habari na kufiwa, wala na kuporwa duka.

Akizungumzia mateso yake mwenyewe, Paulo yule yule anasema kinyume kabisa: kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Kwa hiyo mtu akikuambia «hii imenizidi», usimrekebishe. Mtume alishakiri hivyo kabla yake.

«Lazima kuna dhambi, au kuna aliyemroga»

Hapa faraja inageuka sumu, na sitaki kupita haraka. Kilio kikiwa cha mtoto, au cha kijana aliyekufa ghafla, siku ya pili au ya tatu minong'ono inaanza. Nani alikuwa na kinyongo? Baba alikula pesa za nani? Kuna vyumba vya maombi ambavyo mfiwa anapelekwa «kuulizia», anarudi na jina. Mara nyingi ni jina la bibi mzee, la mke wa kaka, au la mtoto yatima anayelelewa nyumbani. Familia iliyofiwa mtu mmoja sasa inampoteza na wa pili.

Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilo hilo juu ya kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu lake katika Yohana 9:3 ni kwamba si yeye wala wazazi wake. Katika Luka 13 anataja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: sivyo. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalizoa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, yakaua watu zaidi ya 400. Anayetafuta dhambi ya Nyamukubi aanze na Luka 13, kisha atazame milima iliyokatwa miti na nyumba zilizojengwa njiani mwa maji.

Marafiki wa Ayubu nao walitafuta dhambi, sura baada ya sura. Mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7). Na kwa anayemnyoshea mtoto kidole, katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi na inataka sheria imwadhibu anayefanya hivyo. Mchungaji akitoa jina la mtoto, hiyo si karama tena, ni kosa la jinai.

«Mwenye imani haendi kwa mtaalamu wa saikolojia»

Jibu liko hapa hapa mjini. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iko chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Mukwege mwenyewe ni mtoto wa mchungaji na ni mchungaji. Alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi yake kwa wanawake waliobakwa vitani, na katika kazi hiyo upasuaji unakwenda pamoja na msaada wa kisaikolojia. Wapentekoste wa Panzi hawakuona kwamba kimoja kinafuta kingine.

Huzuni ya kufiwa si ugonjwa. Lakini ikipita miezi 6 na bado mtu ameshikwa nayo kila siku, hawezi kazi, hawezi watu, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa tatizo la afya ya akili. Akisema anataka kumfuata marehemu, msingoje mwezi wala wiki. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

«Misa inamtoa marehemu motoni»

Hapana, hata Wakatoliki hawafundishi hivyo. Katika misa ya marehemu wanawaombea waliokufa katika neema na wanaotakaswa bado. Waprotestanti wengi hawawaombei wafu, wanawaombea wafiwa. Kwenye kilio chenye ndugu wa pande zote mbili, mwacheni mwenye msiba asali anavyosali.

«Tumeshazika, yamekwisha»

Viti vya plastiki vinarudishwa kwa mwenyewe, turubai linakunjwa, daftari la michango linafungwa. Mjane anabaki na ada ya shule, na wakati mwingine na mashemeji waliosali naye jioni kisha asubuhi wanauliza funguo za nyumba ziko wapi. Waisraeli walimlilia Musa siku 30. Yakobo aliombolezewa siku 70 Misri, na walipofika ng'ambo ya Yordani Yosefu akaongeza 7. Sisi tukifika siku ya nne tunamwuliza mtu kwa nini bado hajarudi kwenye maombi.

Jambo jema ambalo marafiki wa Ayubu walifanya ni la mwanzo: walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Shirika la mtaa (jumuiya ndogo ya Wakristo) linaweza kulifanya hilo, na hata kulipanga. Akina mama wawili waende mwezi wa tatu, wakati hakuna anayekwenda tena, na unga wa bugali na makala (makaa) kidogo. Wakifika wasihubiri. Wamtaje marehemu kwa jina, wamwulize mfiwa jinsi marehemu alivyopenda sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwa, halafu wanyamaze wasikilize. Mwezi wa sita waende tena, na kama kuna shida ya mashemeji, waende na mzee wa kanisa.