Mstari Usio na Pengo: Dhana Potofu Kuhusu Mwendelezo

Muulize mwanafunzi wa sekondari mwendelezo ni nini katika hesabu. Kuna uwezekano mkubwa akujibu kwamba ni pale ambapo kati ya namba mbili zozote hukosi ya tatu. Ni jibu linalotamkika vizuri, na ndilo mzizi wa makosa mengi yanayofuata hapa.

“Ukipata namba ya katikati kila mara, tayari una mwendelezo”

Hapana. Huko ni kusongamana tu, na sehemu za kawaida kama 1/2 na 2/3 zinasongamana tayari. Chukua mbili zozote, zijumlishe, gawanya kwa mbili, umepata ya katikati. Pamoja na msongamano huo, mstari wa sehemu peke yake umejaa matundu.

Chora mraba wenye upande wa mita 1, kisha upime kutoka kona moja hadi ile ya mkabala. Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu huo ni kipeuo cha pili cha 2. Jaribu kukiandika kama sehemu. 99/70 inakaribia mno: 99 × 99 ni 9,801, na 2 × 70 × 70 ni 9,800. Imezidi moja tu! Panda hadi 577/408 upate 332,929 dhidi ya 332,928. Moja tena. Hata ukikesha ukitafuta, tofauti haitafika sifuri, na sababu yake ni fupi. Kama ingekuwepo sehemu iliyorahisishwa mpaka mwisho inayotoa jibu kamili, namba ya juu ingekuwa shufwa, na hilo lingelazimisha ya chini nayo iwe shufwa. Sehemu yenye shufwa juu na chini haijarahisishwa. Kwa hiyo haipo.

Wagiriki wa kale walilijua pengo hilo. Aliyekuja kueleza barabara namna ya kuliziba ni Richard Dedekind, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zurich mwaka 1858. Alikuwa akitayarisha masomo ya kalkulasi na kuona haya kutegemea picha ya mstari ubaoni badala ya hoja. Wazo lake: zigawe sehemu zote makundi mawili, moja lote kushoto na jingine lote kulia. Mkato ukiangukia mahali pasipo na sehemu yoyote, mkato wenyewe uhesabiwe kuwa namba. Alilichapisha mwaka 1872. Sehemu na namba hizo za mikato, kwa pamoja, ndizo huitwa namba halisi. Mwendelezo, basi, ni kutokuwa na pengo popote unapokata.

Na mapengo hayo si machache. Sehemu zote kati ya 0 na 1 zinaweza kupangwa foleni: 1/2, 1/3, 2/3, 1/4, 3/4, na kuendelea bila kuruka hata moja. Sasa chukua mstari wa mita moja. Sehemu ya kwanza kwenye foleni ifunike kwa kikaratasi cha nusu milimita, ya pili robo milimita, ya tatu thumni, kila mara nusu ya kilichotangulia. Utazifunika zote, na karatasi yote haitazidi milimita moja. Milimita 999 zimebaki wazi, na humo hamna sehemu hata moja. Nawajua watu wenye shahada ambao hawakubali hili mpaka wachukue kalamu.

“Mstari mrefu una nukta nyingi kuliko mfupi”

Zidisha kila namba kati ya 0 na 1 kwa 2. Kila moja imepata mwenzake kati ya 0 na 2, na hakuna aliyebaki peke yake upande wowote. Idadi ni ileile.

Georg Cantor, mwanahesabu wa Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1877 alionyesha kwamba nukta za mraba mzima zinaweza kuoanishwa na nukta za upande wake mmoja. Hata yeye alipigwa na butwaa. Katika barua ya Kijerumani aliyomwandikia Dedekind aliingiza maneno ya Kifaransa, kwamba analiona jambo hilo ila haliamini. Dedekind alijibu kwa utulivu: oanisho lipo, lakini linararua, kwa maana nukta jirani hutupwa mbali na jirani zake. Mwaka 1911 Mholanzi L. E. J. Brouwer alithibitisha kwamba ukitaka kuoanisha moja kwa moja bila kurarua, mstari hauwezi kamwe kuwa mraba. Hesabu ya nukta, basi, haikwambii urefu wala eneo.

Hapo ndipo watu humcheka Aristotle bure. Katika maandishi yake ya fizikia alishikilia kwamba mstari haujengwi kwa nukta, kwa kuwa nukta haina upande wa kugusana na mwenzake. Utasikia kwamba hesabu za kisasa zilimbwaga. Mimi sioni hivyo. Hesabu za kisasa zilichagua kuutazama mstari kama seti ya nukta, halafu zikaongeza juu yake mpangilio na kipimo. Urefu unatoka kwenye kipimo hicho. Hata leo, hakuna anayepata mita moja kwa kujumlisha sifuri za nukta mojamoja.

Zeno, Mgiriki wa kale aliyedai kwamba Achilles mwenye mbio hamfikii kobe aliyetangulia kwa kuwa kila mara lazima kwanza afike pale kobe alipokuwa, naye husemwa kuwa alimalizwa na jumla ya 1/2 + 1/4 + 1/8 na kuendelea, ambayo ni 1. Jumla hiyo inatueleza ni wapi na saa ngapi Achilles anampita kobe. Swali la namna gani hatua zisizo na mwisho zinakamilika bado linagombaniwa na wanafalsafa, na wana haki ya kuligombania.

“Kisichokatika lazima kiwe laini”

Mwaka 1872, mbele ya akademia ya Berlin, Karl Weierstrass alionyesha mchirizo usiokatika popote lakini ambao hakuna nukta yake hata moja unayoweza kuichorea mstari mguso, yaani mstari mnyoofu unaofuata mwelekeo wa mchirizo hapo.

“Kompyuta inatumia namba halisi”

Kompyuta ina namba zenye mwisho, na kati yao kuna mapengo. Katika mfumo wa kawaida wa biti 64, yaani tarakimu 64 za 0 na 1, kati ya 1 na 2 zipo namba 2⁵² tu, na ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004. Mara nyingi haidhuru. Kuna siku ilidhuru.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na 1/10 ikiandikwa kwa 0 na 1 haina mwisho, kama 1/3 isivyo na mwisho katika desimali. Mtambo uliikata kwenye biti 24. Kila mpigo ukapoteza takriban sekunde 0.000000095. Katika saa 100 kuna mipigo 3,600,000, kwa hiyo upungufu ukafika sekunde 0.34. Scud huenda mita 1,600 na zaidi kwa sekunde. Mtambo ulikuwa unalitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipokuwa.

“Sauti ya kidijitali ni ngazi, katikati ya vipimo imepotea”

Wapenzi wa santuri wataninunia, lakini hili ni kosa. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 walithibitisha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba ikiwa wimbi halina mitetemo inayofika nusu ya idadi ya vipimo, vipimo hivyo vinalirudisha wimbi zima, na katikati yake pia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana 44,100 ikatosha. Kinachopotea kipo kwingine: kila kipimo husogezwa kwenye ngazi iliyo karibu nacho kati ya ngazi 65,536, na hilo huzaa mvumo mdogo wa nyuma. Ngazi zenyewe huzisikii, kwa sababu kabla ya kufika kwenye spika wimbi huchujwa likarudi kuwa mchirizo.

“Kwa kuwa kuna atomi, hesabu za wahandisi ni uongo”

Mhandisi wa mabomba huyachukua maji kama kitu kisicho na chembe, na bomba halimuumbui. Anajua molekuli zipo, lakini anafanya kazi kwa ukubwa ambao hazionekani. Mchemraba wa hewa wenye upande wa mikromita 1 tu una molekuli kama milioni 25, hivyo wastani wake umetulia.

Pale ukubwa unaposhuka ndipo mambo hubadilika. Molekuli ya hewa husafiri karibu nanomita 68 kabla ya kugonga nyingine. Ndani ya diski ngumu ya kompyuta, kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani, na humo milinganyo ya kawaida ya mtiririko haifai tena. Urefu wa Planck nao, takriban mita 1.6 × 10⁻³⁵, mara nyingi hutajwa kama chembe ndogo kabisa ya nafasi. Hakuna jaribio lililowahi kuonyesha kwamba nafasi ina chembe.

“Dhana ya Cantor bado haijatatuliwa kwa sababu ni ngumu mno”

Mwaka 1874 Cantor alithibitisha kwamba namba halisi ni nyingi kuliko 1, 2, 3 na kuendelea, ingawa zote hazina mwisho. Mwaka 1878 akakisia kwamba hakuna ukubwa mwingine katikati ya hizo mbili. David Hilbert aliliweka swali hilo la kwanza katika orodha yake ya maswali makubwa ya hesabu yaliyokuwa hayajatatuliwa, mjini Paris, mwaka 1900.

Jibu lilipatikana, ila si la aina iliyotarajiwa. Kurt Gödel alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1930 kwamba kwa kanuni za msingi za seti tunazotumia kawaida huwezi kuikanusha dhana hiyo. Mwaka 1963 Paul Cohen akaonyesha kwamba kwa kanuni hizohizo huwezi kuithibitisha pia. Wapo wanaosema basi swali limekufa. Wengine wanatafuta kanuni mpya za kuongeza. Hugh Woodin wa Marekani, mmoja wa wakubwa wa uwanja huo, mnamo mwaka 2001 alitoa hoja nzito kwamba Cantor alikosea, na miaka kadhaa baadaye utafiti wake mwenyewe ukamsogeza upande wa Cantor.