Giaboksi ya Otomatiki katika Gari la Kuvuta: Uliza Hitilafu Hutokea Lini Kabla ya Kufungua Boliti

Magari ya kuvuta magari mengine, yale tunayoyaita brekidauni, pamoja na pikapu zinazokokota trela, hufika gerejini kwetu hapa Nakuru hukumu ikiwa imekwisha kutolewa: giaboksi imekufa, inatakiwa nyingine. Mara nyingi mwenye gari ameshaulizia bei ya giaboksi iliyotumika kutoka Japani, na wengine wameshalipa hata arbuni. Huwa namwomba asubiri kidogo, kwa sababu kabla ya kujua giaboksi ina nini ni lazima tujue hitilafu yake hutokea lini: gari likiwa baridi au likishapata moto, likiwa tupu au na mzigo, katika gia moja au katika gia zote. Fundi asiyepata majibu ya maswali hayo atafungua giaboksi kwa kubahatisha, na kubahatisha huko hulipiwa na mteja.

Swali la joto ndilo lenye uzito zaidi katika eneo letu. Anayevuta gari kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupanda kutoka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 kule Timboroa, akipitia Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, na sehemu kubwa ya mlima huo huipanda polepole nyuma ya malori ya masafa marefu. Kati ya injini na giaboksi mna konveta, chombo cha mviringo kinachohamisha nguvu kwa kuzungusha mafuta, na gari linapotambaa na mzigo, upande wake wa injini huzunguka kwa kasi kuliko upande wa giaboksi. Tofauti hiyo ya kasi hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Katika barabara tambarare, klachi ya kufungia iliyomo ndani ya konveta huunganisha pande hizo mbili na joto hupungua, lakini mlimani kompyuta huiachia klachi hiyo ili gari lipate nguvu ya kupanda. Hewa nyepesi ya nyanda za juu nayo huipunguzia nguvu injini isiyo na turbo, dereva akazidi kukanyaga, huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Ndiyo maana giaboksi inayofanya kazi vizuri mjini inaweza kuanza kuteleza kabla ya kufika Mau Summit.

Katika kazi ya kawaida, mafuta ya giaboksi nyingi hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 za selsiasi. Yakipita 120 huchakaa haraka, na yakikaribia 150 sili za mpira hukakamaa na klachi za ndani huanza kuungua. Kwa hiyo gari linaloteleza likiwa na moto pekee, kisha likapona baada ya kupumzika, limeshakueleza jambo kubwa: ama presha ya mafuta inashuka yanapokuwa mepesi, ama mfumo wa kupoza haufanyi kazi yake.

Hakikisha pia kwamba unachokichunguza ni otomatiki kweli. Baadhi ya malori madogo ya Isuzu Elf yaliyotumika Japani yana mfumo wa Smoother, ambao una pedali mbili lakini ndani yake mna giaboksi ya gia za kawaida, na kazi ya kubadilisha gia hufanywa na mitambo inayoongozwa na kompyuta. Mitsubishi Canter zenye mfumo wa Duonic, uliotoka mwaka 2010, zina klachi mbili. Majaribio ninayoyaeleza hapa ni ya giaboksi yenye konveta. Ukiyafanya kwenye mifumo hiyo mingine utapata majibu yasiyo na maana.

Baada ya hapo naangalia mafuta. Magari mengi hupimwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa na moto, lakini yapo yasiyo na kijiti cha kupimia kabisa, ambayo kiwango chake hupimwa kwa boliti ya kumwagia ziada katika joto lililowekwa na mtengenezaji. Mafuta ya kahawia yenye harufu ya kuungua yanaonyesha kwamba klachi zimeteseka. Mafuta ya waridi yaliyovurugika kama maziwa mara nyingi yana maana moja: maji ya rejeta yameingia kupitia kipozaji kilichomo ndani yake, na hapo hata ukibadilisha mafuta mara kadhaa huenda klachi zisipone, kwa sababu maji hulainisha gundi inayoshikilia vitambaa vyake. Sampu, yaani beseni la mafuta lililo chini ya giaboksi, ikishafunguliwa, itazame sumaku iliyomo. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyohisika vidoleni si vya kawaida, na gari likiwa navyo huwa sipotezi muda na majaribio ya nje. Kuhusu aina ya mafuta sina subira: giaboksi ya Toyota inayotaka WS haiwekwi T-IV kwa sababu tu dukani imebaki hiyo.

Brekidauni nyingi zimejengwa bodi hapa hapa nchini, na hapo ndipo hujificha hitilafu ambazo skana, kifaa cha kusoma makosa yaliyoandikwa na kompyuta ya gari, huzionyesha kana kwamba ni za giaboksi. Winchi ya umeme inapovuta gari hula mamia ya ampea. Waya wake wa ardhi ukiwa umefungwa kwenye bati lenye kutu, au taa za onyo zikiwa zimeungwa kwenye waya wa kompyuta, umeme unaofikia solenoidi za giaboksi, yaani vali zinazoendeshwa kwa umeme, hushuka, kompyuta ikaandika kosa, na gari likaingia katika hali ya kujilinda na kubaki katika gia moja. Nimeona mtu akiuziwa seti ya solenoidi ilhali tatizo lilikuwa waya mmoja wa ardhi. Pima volti injini ikiwa inanguruma na winchi ikifanya kazi. Kagua pia kama breki za trela zinabana, kama feni ya rejeta inavuta hewa ya kutosha, na kama matope yamejaa kati ya rejeta na kipozaji.

Skana inasaidia, mradi ujue inasema nini. Namba ya kosa P0700 haitaji ugonjwa wowote. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina kosa lake, na ni lazima uingie humo ulisome. P0741 husema klachi ya kufungia ya konveta haishiki inavyotakiwa, P0730 husema uwiano wa gia hauafikiani na gia iliyoamriwa, na P0218 husema mafuta yamepata moto kupita kiasi. Ninapoziona P0218 na P0741 pamoja katika gari la kuvuta, huanza na kipozaji kabla ya kuigusa konveta.

Swali la gia ndilo linaloonyesha mahali hasa, nalo huhitaji jedwali la mtengenezaji linaloeleza ni klachi zipi zinazoshika katika kila gia. Chukua giaboksi ya Toyota ya familia ya A340, yenye gia nne, iliyomo katika Hilux Surf na Prado nyingi za zamani. Klachi C1 hushika katika gia zote za mbele. Klachi C2 hushika katika gia ya tatu, ya nne na ya rivasi. Breki B0, ambayo nayo imo ndani ya giaboksi, hushika katika gia ya nne, yaani ovadraivu, peke yake. Kwa hiyo gari likiteleza katika gia ya tatu na rivasi nayo ikawa dhaifu, mshukiwa ni C2, hata kama gia ya kwanza na ya pili ni imara. Likiteleza mbele kote na rivasi ikawa nzima, tazama C1. Likiteleza katika ovadraivu pekee, tazama B0, na mteja anaweza kufanya kazi kwa muda akiwa ameizima ovadraivu. Lakini gia zote zikiteleza, za mbele na ya nyuma, si rahisi klachi zote ziwe zimechakaa kwa pamoja. Hapo tatizo ni presha, na hutafutwa katika kiwango cha mafuta, filta iliyoziba, pampu au konveta. Katika matoleo yenye waya wa aksileta unaofika giaboksini, waya huo ukilegezwa wakati wa kurekebisha injini hushusha presha, na kuurekebisha ni kazi ya dakika chache.

Jaribio la kubana breki hulifanya kwa tahadhari: magurudumu yote yamezuiwa, hakuna mtu mbele wala nyuma, breki zote mbili zimefungwa, gia ni D, na aksileta inakanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Mizunguko ya injini ikipita kipimo cha mtengenezaji, kitu kinateleza. Ikiwa chini, injini ni dhaifu au klachi ya ndani ya konveta inayoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu imeharibika. Jaribio la muda ni salama zaidi. Ukitoka N kwenda D, vitabu vya Toyota hutaka gari lishike chini ya sekunde 1.2, na kwenda R chini ya sekunde 1.5. Likichelewa kote, funga geji ya presha.

Kuna mtetemo wa mwendo wa wastani, gari likiwa na mzigo mwepesi, ambao wengi huudhania kuwa wa propela. Ukiwa katika mwendo huo, gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu hadi taa ziwake, bila kuachia aksileta. Swichi ya breki huifungua klachi ya konveta. Mtetemo ukikoma papo hapo, chanzo ni klachi hiyo au mafuta yake. Usipokoma, chunguza viungo vya propela na uchomaji wa injini.

Madereva wanaoteremka Sachangwan kwa frii wakidhani wanaokoa mafuta wanaihatarisha giaboksi pia, mbali na breki, kwa sababu pampu huzungushwa na injini, na injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila aksileta kukanyagwa, ilhali sehemu za nyuma zinazunguka kwa kasi, mafuta ya kulainisha hupungua. Kwa sababu hiyo hiyo, gari la mteja lenye otomatiki lisivutwe magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, lipandishwe juu ya kitanda cha brekidauni.

Giaboksi ikishatengenezwa, safisha paipu za kipozaji au ukibadilishe kabisa, kwa sababu uchafu wa giaboksi ya kwanza hubaki humo na kuiingia ya pili. Kwa gari linalovuta kila siku napendekeza kipozaji cha nje kinachowekwa mbele ya rejeta. Kisha jaribio la mwisho lifanyike na mzigo halisi hadi Mau Summit, skana ikisoma joto la mafuta muda wote. Likipanda kupita nyuzi 110 mfululizo, ovadraivu izimwe, na gari lirudi gerejini tuangalie upozaji upya kabla ya kukabidhiwa mwenyewe.